Mkimpa mtu usupavaiza mfundisheni na kusuluhisha

Mhariri, salamu kutoka Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Naomba nafasi kidogo niseme na mabosi wetu wa huku mpakani, na wa Kampala wasikie pia. Mtu akijua kupanga mzigo vizuri miaka minne mitano mnampa usupavaiza, mnampa funguo za stoo na simu ya ofisi, kesho yake watu wanagombana mbele yake hajui ashike wapi. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Mwaka jana dereva wetu na mtunza stoo walikosana juu ya katoni sita za sabuni zilizopungua. Nikawaita wote wawili ofisini, mlango wazi, wapakiaji wamejaa dirishani, nikauliza mwizi ni nani kati yenu. We! Dereva ni mzee ana wajukuu, kuulizwa hivyo mbele ya vijana wa kubeba, akatupa funguo za lori mezani akaenda zake na mzigo wa watu ukalala siku mbili. Katoni zilikuwepo, zilihesabiwa vibaya tu. Hakuna aliyeomba msamaha, na wa kwanza kukataa ni mimi.

Baadaye nikajilipia semina ya siku tatu ya usuluhishi kazini (bosi alikataa, ati hela ya maneno matupu). Mengi nimesahau, lakini hili la kukaa na kila mtu peke yake kwanza limenikaa. Unasikiliza mpaka amalize, humkati, halafu unamrudishia maneno yake, "yaani mzee unasema hivi na hivi, nimekupata sawa?" Nikamfuata yule mzee kwake tukakaa kwenye mkeka, kumbe sabuni haikuwa shida kabisa, shida ni kusimamishwa getini toka asubuhi mpaka jioni bila kuambiwa kitu, usiku analala kwenye lori barabarani. Mtunza stoo naye nikamsikiliza, analia kwamba makaratasi ya mzigo yanamfikia saa kumi jioni. Sasa karatasi zinapigwa picha zinatumwa WhatsApp kabla gari halijafika, imeisha hiyo.

Mahakama zetu zenyewe za Uganda zina kanuni za upatanishi tangu 2013, kesi ya madai inaenda kwanza kwa mpatanishi kabla haijasikilizwa, anapewa siku 60, na yanayosemwa pale ni siri. Hiyo siri ndo tunakosa huku kazini, supavaiza anaambiwa jambo saa nne, saa sita liko kwa mama anayetupikia chakula.

Ila sisemi kila kitu kimalizwe chini chini. Mtu hajalipwa miezi miwili, au binti ameshikwashikwa na mkubwa wake, halafu unamwita ati mkae muelewane? Hapana, huo ni ujanja na nimeuona kwa macho yangu. Wa mshahara aende kwa afisa wa leba, sheria ya ajira ya 2006 imempa nguvu ya kusikiliza malalamiko, na huyo binti asaidiwe kushtaki mpaka polisi kama anataka.

Mzee alirudi kazini. Salamu yake kwa mtunza stoo bado ni ya kuvuta ila mzigo unatoka. Na bosi akisoma hapa, hela yangu ya semina bado naidai.

Supavaiza wa godauni,
Malaba