Simu ya Disemba

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote tu wazima. Nyanyako miguu bado yamsumbua lakini mdomo haujambo, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu huko shuleni simu hamruhusiwi, na kwa sababu siku ile ya kuwatembelea, tulipofika kwenye habari ya simu ya kukununulia Disemba, na hiyo iPhone uitakayo, wewe ulinuna, mimi nikafoka, babako akaanza kutazama saa, na kengele ikalia kabla hatujasema la maana.

Ulisema hivi: "Mama, kama ni Tecno afadhali usininunulie kabisa. Nitaonekana mshamba." Nimekaa na maneno hayo kwenye cherehani tangu siku hiyo. Hukusema betri yake mbovu, wala kamera yake mbaya, wala haina nafasi ya kuweka vitu vyako. Hofu yako ilikuwa macho ya wenzako. Basi na tuzungumze habari ya macho.

Macho ya watu si jambo dogo katika mji huu, na sitakucheka kwa kuyajali. Muulize nyanyako habari za ngoma za lelemama. Atakutajia Banu Saada na Ibinaal Watan, vyama vya akina mama wa hapa hapa Mombasa, jinsi walivyoshindana kwa sare na kwa karamu, huyu akichinja mbuzi yule atafuta ng'ombe. Hadi leo leso mpya ikitoka Biashara Street, haifiki Ijumaa kabla nusu ya mtaa haijaivaa. Ukija harusini na ya mwaka jana utapimwa kwa jicho kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Kwa Kaderdina, wauza leso, wapo tangu 1887, na wanawake wengi wakishika leso dukani huifunua kwanza kwenye pindo watafute yale maandishi, "Mali ya Abdulla", ndipo waangalie rangi. Wakiyaona wametulia. Kwa hivyo ukinieleza kwamba alama ndogo iliyo nyuma ya simu yabadilisha namna mtu anavyopokewa, naelewa, mimi mwenyewe ni mtu wa pindo.

Lakini leso naijua inavyokwenda, na simu pia nimeziona zikipita.

Mwaka uliozaliwa wewe, 2007, M-Pesa ilianza mwezi wa Machi, na Juni iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani. Mtaani kwetu iliyozungumzwa ni M-Pesa. Ile ya pili hakuna aliyeitamani, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo wa kutamaniwa. Vijana wa wakati huo walikuwa na Nokia zao, na mwenye Motorola nyembamba ya kufunika alikuwa akiifunika kwa kishindo ili wote wasikie. Kisha ikaja BlackBerry. Wasichana hawakuombwa namba tena, waliombwa PIN, ile namba ya kuandikiana kwa BlackBerry, na kama huna PIN mazungumzo yameishia hapo. Mabarobaro walifunga mikanda kwa ajili ya simu ile. Leo umewahi kusikia rafiki yako hata mmoja akiitaja? Huduma yake ya ujumbe, BBM, ilifungwa tarehe 31 Mei 2019, na sikumbuki kusikia mtu akiililia.

Na khalati yako wa Kibokoni, hukumjua enzi zake. Alikuwa na simu ya waridi, ya laini mbili, yenye antena ya kuvuta atazame televisheni, na mlio wake ukisikika toka barabarani. Jina lililoandikwa mbele lilikaribia Nokia, herufi moja tu ndiyo iliyokosewa, na ole wako uitaje herufi hiyo mbele yake. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 serikali ikaamuru simu zote bandia zizimwe kwenye mitandao, na zilizozimwa zilipita milioni. Kila simu halali ina namba yake ya IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06#, na za khalati na wenziwe zilikuwa namba za kubuni. Asubuhi yake simu ya waridi ikawa ya kutazamia saa tu. Unadhani aliiacha nyumbani? Harusi zote za msimu ule alikuja nayo mkononi, na mara moja nilimwona akiitia sikioni aseme "haloo" huku laini yake iko kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, ndani ya mkoba. Nilimpenda zaidi siku ile, wallahi. Lakini kazi yote ya kumpigia mtu simu ilifanywa na kabambe.

Sasa nije kwa hii yako, iPhone. Nilitaka kujua hii aibu ya kushika nyingine imetoka wapi, nikasoma kidogo. Huko Marekani ina sababu. Vijana wao wengi huandikiana kwa programu ya ujumbe inayokuja ndani ya simu yenyewe. Tangu 2011, ukiwa na iPhone na mwenzako ana iPhone, meseji mnazotuma huwa buluu. Mwenye Android akiingia, mnazomtumia hugeuka kijani, na kwa miaka mingi picha alizotuma zilifika zimefifia na kundi zima likaharibika mpangilio. Basi mtoto wa kijani akaanza kuachwa nje ya makundi. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vijana 87 katika kila 100 waliohojiwa kule wana iPhone. Mambo yalifika mahali serikali yao, ilipoishtaki Apple mwezi wa Machi 2024, ikaitaja aibu hiyo ya kijani kwenye mashtaka.

Hapa kwetu nani atumia programu hiyo? Sisi sote tuko WhatsApp. Mwenye simu ya laki moja na mwenye simu ya elfu kumi, meseji wanazotuma ni kijani sawasawa. Sababu ilibaki Marekani, sisi tukaletewa aibu peke yake.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi, nitakwambia ingawa huenda ukaniona mzee. Hiyo Tecno unayoikimbia, pamoja na Infinix na itel, zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, iliyoanza 2006 na kuja kuelekeza nguvu zake Afrika. Walitazama watu wanavyoishi. Wakaona tuna laini mbili mbili, wakatia nafasi mbili. Wakaona stima yapotea, wakatia betri za kukaa. Wakaona picha zetu za usiku zatoka meno na macho tu, wakazirekebisha kamera zishike ngozi nyeusi. Google walipokuja kutangaza simu yao inayojali rangi za ngozi zote, ilikuwa 2021. Zile picha za harusi ya dadako, uani, taa za kamba, ambazo nyanyako amezitia kwenye fremu, zilipigwa kwa simu gani? Wewe mwenyewe ulizisifu. Sisemi uipende Tecno kwa ajili hiyo, kampuni si ndugu yetu, yatafuta pesa kama nyingine. Nasema tu kwamba simu iliyotengenezwa tukifikiriwa sisi ndiyo tuliyoipa jina la ushamba.

Juzi nilikwenda kwa mjombako Mwembe Tayari, kwenye meza yake ya ufundi, nikamwambia anionyeshe hiyo iPhone 11 uliyoitaja. Bei yake ya mtumba ni elfu thelathini na kitu. Akaniletea moja iliyoandikwa Ex-UK, yaani iliyotumika kwanza Uingereza, imepanguswa hadi yang'aa, imetiwa kava ya plastiki angavu yenye tundu la mviringo nyuma. Nikauliza tundu la nini. Akasema, "La kupumulia." Kumbe ni ili lile tofaa lililoumwa lionekane, hata simu ikiwa imevishwa! Akaifungua upande wa mipangilio, akanionyesha: betri imebaki asilimia 76, na mahali pengine humo humo ujumbe kwamba simu haiwezi kuthibitisha kama skrini ni ya Apple yenyewe. Maana yake ilianguka huko ilikotoka, ikatiwa kioo kingine. Apple wenyewe husema betri za simu za umri huo zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, kwa hivyo hii ilishatumika vya kutosha. Nafasi ni GB 64 na hakuna mahali pa kutia memori kadi. Chaja yake ni ya aina ya zamani, haiingii kwenye simu ya mtu yeyote humu nyumbani, wala chaja ya mtu humu haiingii kwake. Sijui ugomvi huo tutauamua vipi usiku soketi ikiwa moja.

Kusema haki, mjombako hakuiponda. Alisema simu hiyo ilitoka 2019 na kampuni imeiangalia kwa programu mpya miaka mingi, wakati simu nyingi za bei nafuu huachwa mkono baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukitaka kuiuza, mnunuzi hakosi. Na lile ulilosema kwamba video za Snapchat hutoka safi zaidi kwenye iPhone, alikuunga mkono, kwa simu nyingi za Android ni kweli. Hapo una haki yako, nimekupa.

Ila nilipotoka kwake nikapitia Mama Ngina, ilikuwa Jumapili jioni, pale Waterfront pamejaa vijana wa rika lako. Nilinunua mihogo nikaketi nikatazama. Kundi moja la wavulana sita au saba lilikuwa na iPhone moja. Ilizunguka. Kila mmoja alipigwa picha na bahari nyuma, kisha akaishika yeye ajipige kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, mgongo wa simu ukitazama mbele. Vidole walivipanga visizibe lenzi. Halafu zikatumwa kwa WhatsApp, ambayo yenyewe huzibana picha mtu asipochagua zitumwe za HD, na hakuna niliyemwona akichagua. Mwenye simu hakupigwa picha hata moja niliyoiona. Alikuwa amesimama kando, amenyoosha mkono, akingoja mali yake irudi, na kila ikipita mikononi alikuwa akiifuata kwa shingo. Nilimhurumia kidogo, na nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Habari ya usalama sitairefusha. Kisauni kwa shangazi yako wajua mwenyewe vijana wanavyotembea na mapanga wakitafuta simu, na simu inayojulikana toka mbali yajulikana na wao pia. Ukienda kwake usiku, simu mfukoni, iwe ya jina gani.

Basi mpango wangu ni huu. Mchezo wangu wa kuchangiana pesa na akina mama watoka Disemba, na nimekutengea elfu ishirini, taslimu, ukimaliza KCSE, mtihani wako wa kidato cha nne. Sina masharti ya jina. Ukitaka Tecno, Infinix, Samsung, chukua. Ukitaka ile ya tofaa, mjombako anatafuta kijana wa kubandika protekta na kupokea wateja kuanzia wiki mitihani ikiisha, atakulipa kwa siku, uijazie mwenyewe ile elfu kumi na ushee iliyobaki. Sitasema neno. Ila aikague yeye kabla hujatoa pesa: IMEI yake, betri yake, na kama mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake, maana ikiwa hakuiondoa umenunua kioo cha kujitazamia.

Simu ya mkopo, ya kulipia kila siku, sitaki. Najua wenzako wamezichukua. Ukijumlisha zile shilingi za kila siku, unalipa kupita sana bei ya dukani, na ukichelewa simu yajifunga yenyewe, hata mbele za hao unaotaka wakuone. Mtoto wa jirani yetu yamemkuta kwenye feri ya Likoni, anamwonyesha msichana picha.

Nijibu kwa barua, umpe babako siku ya kufunga muhula, au uniambie mwenyewe ukifika, lakini uje umeamua. Ile kabambe yako uliyoiacha kwenye droo usiihesabu. Nyanyako ameichukua, asema tochi yake yafika mpaka chooni, na nilipomwambia ni yako akaitia kifuani akaniambia nikanunue nyingine.

Soma, babangu, ule ushibe, na zile soksi za michezo uzirudishe zote mbili mbili safari hii.

Wasalaam,
Mamako