Tusiziachie kampuni za mbali kumbukumbu zetu

Kwa Mhariri,

Mimi ni mtengeneza programu ninayeishi Langoni, Lamu, na naandika kuwasihi vijana wa fani yangu wasiweke kazi zao zote kwenye kompyuta za kampuni za mbali pekee. Mwaka jana kampuni moja ya kigeni ilifunga akaunti yangu bila maelezo, nami nikapoteza picha za barua za marehemu babu, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambazo sikuwa na nakala yake kwingine. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa nina seva yangu nyumbani, yaani kompyuta ya kuhifadhi mafaili yangu na kuyafikisha kwa vifaa vingine: Raspberry Pi 4, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, inayoendeshwa kwa mfumo wa uendeshaji wa Debian na Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi mafaili. Hutumia wati chache tu, hivyo betri ya sola huiendesha umeme unapokatika. Adui mkubwa hapa kwetu ni hewa ya chumvi, ambayo hula viunganishi vya waya. Kwa hiyo nimeifungia ndani ya sanduku la alumini, linalopitisha joto nje, mbali na dirisha la baharini, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu.

Kila Ijumaa baada ya sala naipeleka diski ya nakala kwa dada yangu anayeishi kijiji cha Shela, kwa maana nakala zilizolala chumba kimoja huungua pamoja. Naiomba serikali ya kaunti iingize ujuzi huu katika mafunzo ya vijana.

Mtengeneza programu,
Langoni, Lamu