Barua ya kufunga muhula: Mahakama ya Mfano na Washauri Rika

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Juni

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KLABU YA MAHAKAMA YA MFANO NA KLABU YA WASHAURI RIKA

Nawasalimu nyote, na ninawashukuru kwa ushirikiano wenu katika muhula huu unaokwisha. Maendeleo ya kila mwanafunzi na tarehe ya kufungua shule vimo katika fomu ya ripoti aliyorudi nayo mwanao, kwa hiyo sitavirudia hapa. Ninaandika kwa ajili ya jambo moja ambalo lilizungumzwa kwa hisia kali katika kikao chetu cha wazazi, yaani malalamiko kwamba tangu klabu hizi mbili zianze baadhi ya watoto wamekuwa wabishi nyumbani, na kwamba mtoto akiulizwa kwa nini hajaosha vyombo anajibu kama wakili aliye mbele ya hakimu. Niliahidi kulijibu kwa maandishi, na jibu lenyewe ni hili.

Katika Klabu ya Mahakama ya Mfano wanafunzi huigiza kesi. Kesi ambayo wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu waliitunga ilikuwa ya wizi wa baiskeli, na hati ya mashtaka iliandikwa chini ya vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu, kama inavyoandikwa katika mahakama zetu. Iliendeshwa bwaloni kwa Kiswahili, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na pia kwa sababu tulitaka mwanafunzi ashindwe kwa hoja, si kwa Kiingereza. Majoho tuliazima kwaya. Siku ya kwanza nilikuta viti kumi na viwili vimepangwa ubavuni mwa hakimu, nikaambiwa kuwa ni vya wananchi watakaoamua kesi. Kumbe vijana walikuwa wameyatoa hayo katika filamu za Marekani. Mwalimu wa Uraia aliwaeleza kuwa Tanzania haina utaratibu huo, kwamba wazee wa baraza tunawajua katika Mahakama ya Mwanzo, na kwamba katika Mahakama ya Wilaya, ambayo ndiyo waliyokuwa wakiiigiza, hakimu huamua peke yake na kutoa sababu zake kwa maandishi. Viti vikarudi mezani.

Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alidai kuwa alimwona mshtakiwa usiku akiisukuma baiskeli. Binti aliyekuwa wakili wa utetezi hakumwita mwongo hata mara moja. Alimuuliza alikuwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi, alimtazama kwa muda gani, na kama alimfahamu mtu yule kabla ya usiku huo. Maswali hayo hakuyabuni yeye, kwani Mahakama ya Rufani iliyaweka wazi katika uamuzi wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa kuona kwa macho, ikasema kuwa ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi aliyumba, mashtaka hayakuthibitishwa pasipo shaka, na mshtakiwa akaachiwa huru. Bwalo lilichafuka. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akalalamika kuwa kila mtu anajua kijana yule aliiba, na mjadala uliofuata kuhusu tofauti ya kujua na kuthibitisha ulichukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe. Katika miaka yangu ya ualimu nimesikia vipindi vichache vilivyokuwa na uhai wa namna ile.

Klabu ya Washauri Rika haina majoho wala watazamaji, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyejiunga amekabidhiwa wenzake wawili wa Kidato cha Kwanza. Ninyi mnajua hali ya watoto hawa: amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kwa miaka yote, kisha Januari anaingia darasani na kukuta Hisabati, Baiolojia na Jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa wa kwanza kijijini kwake anakaa kimya wiki baada ya wiki, na mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kudhani kuwa ni mzito wa kuelewa. Mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo miaka miwili iliyopita huiona shida hiyo mapema kuliko sisi.

Hata hivyo hatukuanza vizuri, na kosa lilikuwa letu walimu. Tuliwaambia washauri rika watunze siri bila kuwaeleza mipaka yake. Mshauri mmoja alibeba peke yake, kwa siku kadhaa, habari ya mtoto aliyekuwa akiishi katika mazingira yasiyo salama, kwa sababu alikuwa ameapa kutosema. Tulipogundua tuliisimamisha klabu, tukaanza mafunzo upya pamoja na mwalimu wa ushauri na unasihi. Sasa kila mshauri anamwambia mwenzake mwanzoni kabisa kwamba jambo lolote linalohusu usalama wa mtoto litafikishwa kwa mwalimu, naye mwalimu anawajibika kulifikisha mbele zaidi, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Wapo wanafunzi walio katika klabu zote mbili, na kwao ndiko lilikojitokeza suala mlilolileta kikaoni. Yule binti wa utetezi alimhoji mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekabidhiwa kama alivyomdodosa shahidi: "Hukufanya zoezi, sivyo? Na mwalimu alikuwa amekuonya, sivyo?" Mtoto akanyamaza, na wiki iliyofuata hakuja. Ilibidi binti afundishwe kuuliza swali ambalo jibu lake halijui, kisha asubiri. Hivyo wazazi wanaosema kuwa maswali ya kudodosa yamehamia jikoni wanasema kweli, na tumekwisha kuwaeleza wanafunzi kuwa nyumbani si kizimbani.

Lakini si kila swali ni ubishi. Muhula huu nilimsimamisha masomo mwanafunzi mmoja kwa kuvunja dirisha, kwa maneno ya mtu mmoja tu. Mwenzake wa klabu alibisha hodi ofisini, akaomba ruhusa ya kuzungumza, akaniuliza kwa adabu kama mtuhumiwa alisikilizwa, huku akinitajia ibara ya 13(6) ya Katiba, inayohusu haki ya kusikilizwa. Sikufurahi. Nilimwita mtuhumiwa, nikamsikiliza, nikabaini kuwa siku ile alikuwa zahanati, nikaifuta adhabu mbele ya mstari wa asubuhi.

Kwa sababu hiyo klabu zitaendelea muhula wa pili, Jumatano na Alhamisi baada ya vipindi, na wanafunzi wataruhusiwa kuondoka saa kumi na moja jioni. Wanafunzi wa Kidato cha Nne hawatashiriki, ili wajiandae na mtihani wa taifa. Hakuna mchango wowote unaotakiwa. Mzazi ambaye hataki mwanawe ashiriki aandike hivyo nyuma ya fomu ya ripoti. Ambaye bado ana dukuduku afike ofisini siku ya kufungua shule, na ningependa aje na mwanawe, ili tuwasikie wote wawili.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule