Riwaya za taharuki na jengo linalosahaulika

Mhariri,

Waandishi wetu wa taharuki wanalipenda jengo la ghorofa, ila wengi hulisahau wakifika sura ya tano. Leo mlango wa jirani uko kushoto mwa ngazi, kesho uko kulia. Msomaji akishagundua, hofu imekwisha.

Kabla ya kuandika, chora ramani ya kila ghorofa: milango, ngazi, lifti, na nani ana ufunguo wa wapi. Kisha tumia vifaa vya jengo lenyewe. Mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, mara nyingi hupangwa pamoja ukutani, chini. Nyumba inasemekana haina mpangaji, lakini kitaa cha mita yake kinapepesa harakaharaka, maana yake kuna kitu kinakula umeme humo ndani. Mzimu wa nini tena?

Umeme ukikatika, lifti inasimama na pampu haipandishi maji. Tangi la juu likikauka, wapangaji wasiosalimiana watakutana gizani kwenye ngazi, ndoo mkononi.

Na mlinzi wa getini jamani! Akiwa hakumwona muuaji akipita, tupeni sababu, hata kama ni kubadilishana zamu saa 12 asubuhi.

Msomaji wa riwaya,
Dar es Salaam