Miche ya kwenye makopo tunaiua kwa mbolea

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dar tunaootesha nyanya na pilipili kwenye ndoo na makopo barazani. Jani likipiga njano kidogo tu mtu anakimbilia duka la pembejeo, anauziwa busta, yaani mbolea ya kukuza haraka, anaimwaga yote, mche unakauka, inauma sana jamani! Angalieni kwanza. Njano ikianzia majani ya chini na udongo umelowa, hayo ni maji mengi, toboa kopo chini. Kingo zikiungua kahawia ni mbolea imezidi au maji ya kisima yana chumvi, na huku kwetu visima vya chumvi viko vingi. Geuza jani, ukiona vidoti na utando mwembamba huo ni utitiri, vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani. Na wenye maduka wamuulize mteja kwanza mche una nini ndo wauze.

Mkulima wa barazani, Dar es Salaam