Walimu, watazameni wasichana saa ya mapumziko

Mhariri,

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, picha ninazoziona ni za mtoto wa kiume anayepiga kelele au asiyesema kabisa. Sina ugomvi nazo. Ila binti yangu ana usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuchangamana na wenzake. Yuko gredi ya tano hapa Lamu, na hafanani nazo hata kidogo.

Ripoti zake zote husema: mtulivu, ana adabu, ajitahidi kuchangia darasani. Kweli hamsumbui mtu. Lakini mtazameni mapumziko. Wenzake wakicheza mchezo wa kati, yeye husimama kando, macho kwa msichana mmoja tu. Huyo akicheka, naye hucheka, kachelewa kidogo. Akishika kiuno, naye hushika. Kutwa anaigiza, na mwalimu anaona mtoto aliyezoea shule. Akifika nyumbani hutupa mtandio, huingia uvunguni, na ukimwuliza tu leo mmesoma nini, hulia mpaka akatapika. Jirani mmoja anasema nimemdekeza, mwengine anasema ni jini. Dua hatujaacha wala hatutaacha, lakini dua haimzuii mtoto kupimwa.

Huko kupimwa nako ni kasheshe. Mhudumu mmoja wa afya alimwuliza jina, akajibiwa vizuri, akaniambia usonji ni wa wavulana. Maneno hayo yana asili yake. Daktari Leo Kanner wa Marekani alipoieleza hali hii mwaka 1943, watoto wanane kati ya 11 aliowaandika walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger wa Austria akaeleza wavulana peke yao. Dalili zikapangwa kwa kuwatazama hao. Wale wasichana watatu wa Kanner nani anawakumbuka? Mvulana akikariri magari yote, watu hushtuka. Wangu anayajua majahazi yote yanayofunga gatini, nahodha wake nani na tanga lilibadilishwa lini, nao hucheka: mtoto wa Lamu huyo!

Nyumbani tumejipanga. Akitoka shule hupumzika peke yake, hasemeshwi, ndipo aende chuoni, madrasa. Lebo za nguo nazikata zote, zinamwasha. Asipotaka kubusu mikono ya wageni, halazimishwi. Shangazi zake walinuna, sasa wamezoea. Ngoma za harusi husikiliza kutoka darini. Shuleni, mwalimu wake wa mwaka huu humpa agizo moja moja, na ratiba ikibadilika huiandika ubaoni asubuhi mapema. Gharama yake ni chaki.

Wazazi wenzangu, Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile viitwavyo EARC, tangu 1984. Si vya wasioona na wasiosikia peke yao. Mpelekeni binti hata kama anapata alama nzuri, na mwende na maelezo ya anavyokuwa nyumbani, kwa sababu mbele ya mgeni atajikaza na mtarudishwa.

Kwa walimu nina ombi moja. Mnapojaza ripoti za muhula, pale pa tabia msiishie kwenye "mtulivu". Andikeni pia: mapumziko hukaa na nani, na akiwa nao huzungumza au husimama tu. Mstari huo mmoja ungenitosha kumpeleka kituoni tangu yuko gredi ya kwanza.

Mama wa watoto watatu,
Langoni, Lamu