Kupima bure msimu wa sikukuu: nini hulipii, nini unalipia na kwa nini

Kila mwaka sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia tunaweka siku ya kupima presha na sukari bure hapa kliniki, na kila mwaka zikipita wiki mbili tatu linaanza lile lile, mtu anasimama mapokezi na karatasi mkononi anasema kwa sauti foleni nzima isikie, "si mlisema bure, mbona mnanidai?" Safari hii mama mmoja katuandikia ujumbe mrefu kabisa kwamba tunatumia sikukuu kuvuta watu halafu tunawakamua. Limetuuma. Kwa hiyo naeleza hapa siku ile inavyoendeshwa, ili akija mwingine mwenye swali hilo hilo asome mwenyewe.

Bure ni presha, sukari ya kidoleni, uzito, urefu, na dakika chache za kukaa na nesi akakueleza namba zako zina maana gani. Hivyo hulipii kitu, hata kama hujawahi kufungua faili kwetu, hata kama una kliniki yako kwingine na huna mpango wa kuhama. Kisicho bure ni kinachofuata kama namba zimekaa vibaya, yaani kumwona daktari na vipimo vya maabara atakavyoandika. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana mtu anaona safari ni moja, kaanza bure na kamalizia kwa bili.

Vipimo vya yule mama sivitaji hapa, ni vyake. Ila chukua mtu yeyote aliyekuja siku ile ametoka kula, mashine ikasoma 13 (yaani mmol/L, kipimo tunachotumia cha sukari kwenye damu). Hiyo namba inatisha na lazima ifuatiliwe, lakini kama hana dalili yoyote, hana kiu ya ajabu, haamki usiku kukojoa, hajakonda, hakuna daktari makini atakayemwandikia kisukari kwa tone moja la damu ya kidole. Anatakiwa arudi asubuhi hajala kitu kwa masaa 8 au zaidi, damu itolewe mkononi iende maabara. Ikisoma 7.0 kwenda juu ndio tunaanza kuzungumza, au tunapima HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ambayo huwezi kuidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kuja. Hiyo mpaka wake ni 6.5%. Na bado kama hana dalili kipimo kinarudiwa kuhakikisha. Kumpa mtu jina la ugonjwa atakaokaa nao maisha yote si jambo la kufanya katikati ya mziki na mapambo, na ukilipia maabara unalipia uhakika huo.

Kuhusu bei nataka nieleweke. Maabara yetu kila asubuhi, kabla sampuli ya mgonjwa hata mmoja haijaingia, mashine inapimwa kwanza kwa sampuli za kontroo ambazo majibu yake yanajulikana, yakitoka nje ya kiwango hakuna anayepimwa mpaka irekebishwe. Kontroo zinanunuliwa, vitendanishi, yaani dawa za kupimia sampuli, vikishafunguliwa vina siku zake za kuishi, vikiisha muda vinamwagwa hata kama chupa imejaa. Ndio bei yenyewe hiyo. Na bei ya msimu wa sikukuu ni ile ile ya mwezi wowote mwingine, hatujawahi kuipandisha ili kufidia stripu, vile vipande vya kupimia sukari ya kidoleni, tulizogawa bure, stripu tunanunua kwa pesa za kliniki na tunajua hazirudi.

Malalamiko ya pili ni kwamba tunachelewesha watu. "Kwingine wanapima dakika moja umemaliza." Ni kweli wapo, na unaweza kupima presha dakika moja, ila namba utakayopata haifai kitu. Sisi tunakukalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usiikunje nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, unakaa dakika 5 kimya. Kama umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa tunakwambia usubiri nusu saa. Kama umebanwa na mkojo nenda kwanza. Halafu mkanda, tunayo saizi tofauti na nesi anaangalia mkono wako kabla ya kuchagua, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha presha ambayo haipo. Tunapima mara mbili, na wakati mashine inapuliza hatuongei na wewe hata kama unatuuliza swali, usione tumekudharau, kuongea tu kunapandisha namba.

Sukari nayo ina mambo yake. Kuna baba mmoja miaka ya nyuma mashine ilisoma juu sana, mpaka mwenyewe akaanza kutetemeka, mke wake kashika kichwa. Nesi wetu hakusema neno, akamshika vidole akavisikia vinanata. Kumbe baba kamenya tunda akiwa kwenye foleni. Akapelekwa kwenye sinki, sabuni na maji, akakausha vizuri kabisa, akatobolewa kidole kingine ubavuni na si kwenye nyama ya katikati inakouma, tone la kwanza likafutwa, la pili likapimwa. Ikasoma kawaida. Ndio maana utakuta ndoo ya maji na sabuni kabla ya meza ya kupimia, na ndio maana hatukubali ukisema "nipakeni spiriti tu", spiriti peke yake haitoi sukari yote ya tunda kidoleni. Stripu zenyewe zinakaa kwenye kikopo chake kimefungwa, hazimwagwi mezani kama wanavyofanya wengine ili foleni iende haraka, zikipata unyevu zinasoma uongo.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi kuliko hata hayo ya bili, njia ya mkato. Mtu akiona bei ya daktari anachukua ile kadi ya siku ya sikukuu iliyoandikwa 150/95, anaingia nayo duka la dawa au anampigia ndugu yake mwenye presha, "wewe unakunywa ipi?", anaanza dawa. Mzee mmoja alifanya hivyo hivyo, nasimulia kwa ruhusa yake. Alikuwa tayari anatumia vidonge vya kumfanya akojoe kwa ajili ya miguu kuvimba na hakumwambia mtu, akaongeza za shemeji yake juu yake. Siku ya nne anaamka usiku kwenda chooni, presha ikashuka ghafla aliposimama, kaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika. Piga hesabu mwenyewe hapo, eksirei, plasta, kurudi kukaguliwa, wiki kadhaa hafanyi kazi na mkono anaoutegemea, na mwisho wa yote bado alilazimika kumwona daktari na kufanya vile vipimo alivyovikimbia mwanzo. Halafu tulipompima kwa utulivu siku tatu tofauti presha yake ilikuwa kwenye 130 na kitu, hakuhitaji dawa ya shemeji hata kidogo. Kipimo kimoja cha siku yenye kelele na watu wengi hakitoshi kumwanzishia mtu dawa, labda namba ziwe juu sana, zile za 180 kwa 120 kwenda juu, na hapo kama kuna maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona maruweruwe au upande mmoja wa mwili kulegea, hatukuachi uende nyumbani, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna na wa upande wa pili, hawa wananiumiza roho zaidi. Ana presha, anatumia dawa miaka, anakuja kupima bure, inasoma 124/78, anafurahi, anaacha dawa kwa sababu "nimepona, hata kliniki wamenipima". Jamani, imekaa vizuri kwa sababu unakunywa dawa! Na kuna dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari zaidi, kama atenolol na propranolol, mwili ukishazizoea ukizikata siku moja presha na mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo. Tumempokea mtu wa hivyo sikukuu ikiwa haijaisha, kichwa kinapasuka, presha imepita 190, akalazwa. Bili ya kulazwa ingemnunulia vidonge vyake kwa muda mrefu sana, na sikukuu yenyewe familia yake waliila kwenye korido ya wodi.

Wengine wanasema ngoja sikukuu ipite ndio nije, nisije nikapewa habari mbaya nikaharibu furaha. Ndio maana siku yetu tunaiweka kabla ya sikukuu na si baada. Watafiti wa Uswidi waliangalia rekodi za mshtuko wa moyo za nchi yao kuanzia 1998 hadi 2013, wakachapisha 2018 kwenye jarida la BMJ, wakakuta hatari inapanda msimu wa Krismasi na kilele chake ni mkesha wa Krismasi wenyewe, karibu 37% juu ya siku za kawaida, na walioathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 75, wenye kisukari na waliokwisha kuugua moyo. Na tangu 1978 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watu ambao moyo wao unaanza kudunda ovyo ovyo baada ya wikendi au sikukuu ya pombe nyingi, wengine hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo ukisubiri sikukuu ipite umepisha zile siku ambazo ungehitaji kujua namba zako kuliko zote. Na wenye dawa za kila siku, chukueni za kutosha kabla hamjasafiri, kila msimu tunapigiwa simu na mtu aliyeko mbali, dawa zimeisha, na jina la dawa halikumbuki, anasema tu "kale kadogo keupe".

Kuna walioandika kwamba mapambo yetu ni hafifu, hakuna maputo wala mishumaa. Hayo tumeyaamua makusudi. Maputo mengi ni ya mpira wa lateksi na kuna watu mpira huo unawaletea mzio, wengine mbaya kweli. Mishumaa yenye manukato na mtu wa pumu ndani ya chumba kimoja hapana. Vyumba vya kuchomea sindano na kufunga vidonda hatupambi chochote kabisa, kila kitu mle lazima kifutike kwa dawa. Pipi pia hatugawi, tutagawaje pipi kwenye meza ya kupimia sukari? Na picha tunapiga mapambo na wafanyakazi, hatupigi foleni, sura ya mtu aliyekuja kupimwa haiendi mtandaoni hata kama amecheka vizuri. Vilevile salamu za sikukuu tunazotuma kwenye simu hazitaji ugonjwa wako wala tarehe ya kliniki yako, kwa sababu simu inaachwa mezani na wageni wamejaa sebuleni.

Kwa msimu huu, kadi ya kupima bure itakuwa na maandishi makubwa juu yanayosema vitu gani ni vya bure, na nesi akikushauri umwone daktari utapewa karatasi ya bei kabla hujaingia, si baada. Ukija njoo na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, za mitishamba, ulizopewa na jirani, zote, hatugombezi mtu. Na ukiona bei yetu huiwezi, sema hapo hapo mapokezi bila aibu, nesi atakuandikia namba zako na barua uende nayo hospitali ya serikali au popote unapotibiwa. Barua hiyo pia hulipii.